Bawabu

Chupa hii aliipuliza Lőrinc miaka kumi na minane iliyopita,
kwenye chumba cha chini ambako moto wa gesi
ulimkausha kope zikawa nyekundu.
Shingo yake imepinda kidogo. Alikataa kuirudia.
"Itamimina vizuri zaidi hivyo," alisema.
Na kweli, inamimina vizuri.

Leo ndani yake nachanganya polima na dawa,
tone kwa tone, sumaku ikizunguka chini
kama mtu anayekoroga uji asiotarajia kuunywa.
Maji yanageuka maziwa mepesi yenye kivuli cha buluu.
Hiyo ndiyo dalili: zimezaliwa.
Chembe zisizohesabika. Ulaze unywele mmoja,
na mia nne na ushei zitajipanga kwenye upana wake.

Nje, mto Tisza unabeba vipande vya barafu.
Szeged yote inanuka makaa na pilipili.

Sasa wewe, bawabu.
Wewe usiyelala, uliyeshona ukuta wa mishipa
seli kwa seli, bila kuacha hata tundu la sindano.
Nakuheshimu. Umetukinga na kila uchafu
tuliowahi kuunywa kwa ujinga.
Lakini dawa nayo unaishika ukosi kama mwizi.
Hodi. Humjui. Rudi.

Basi tumejifunza hila za mgeni.
Hatuji na jina letu. Tunajipaka sabuni kidogo,
tunashuka ndani ya damu, na damu yenyewe
inatuvika protini zake, lile vazi la mafuta
unalolipokea mlangoni kila siku.
Unasema, "Kumbe ni wewe!"
Unatukumbatia. Unatuvusha.

Hivyo ndivyo tulivyoandika kwenye ombi la fedha.

Kwa panya, ini linakula karibu zote,
wengu unaramba sahani.
Emőke anakata ubongo vipande
vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
anaviweka chini ya darubini, anazima taa,
na tunakaa gizani tukitazama giza.
Miezi kumi na minne ya giza.

Jumapili huenda kwa Lőrinc, mtaa wa Rókus.
Uvimbe umeketi upande wa kushoto,
pale maneno yanapotunzwa.
Majina yanamtoka moja moja:
kwanza ya majirani, halafu ya miezi,
wiki hii la mbwa.
Terka alimwekea maji mezani.
Akainua bilauri, akaielekeza dirishani,
akapitisha kidole gumba kwenye ukingo,
akapata kasoro ambayo mimi sikuiona.
"Hii," akasema. "Hii... ile ya... hii."
Terka akamtajia neno.
Akatabasamu kwa adabu,
kama mtu aliyetambulishwa kwa mgeni.

Alhamisi Emőke aliniita kwa kugonga meza.
Nukta za kijani. Nne, tano.
Ng'ambo ya ukuta, bawabu, ndani kabisa ya nyumba yako.
Hatukushangilia. Tulizima, tukawasha, tukahesabu upya.
Sita.
Emőke alifuta miwani kwa koti, kisha akaivaa tena,
bado sita.

Sita, kwa panya mmoja.
Kutoka hapo mpaka kwa mtu ni miaka kumi,
ni wakaguzi, ni fedha, ni ini jingine lenye njaa.
Na Lőrinc amepewa mpaka micheri ichanue.
Sikumwambia habari za zile sita.
Ningemwambiaje? Wewe umezoea kufungua kwa hesabu zako,
na mimi sina ufunguo, nina vazi la kuazima.

Nimeiosha chupa mara tatu, nimeikausha.
Jumapili nitaichukua, nimwekee mkononi.
Najua ataielekeza dirishani.
Ataona shingo ilivyopinda, atakunja uso,
ataniuliza, kwa maneno yoyote yatakayokuwa yamebaki,
ni fundi gani huyu
aliyeacha kazi namna hii.