Masinia Kumi na Mawili

Yamepangwa nyuma ya nyumba yetu, Mkalamo,
mawili kati yake ni ya pilau, ya Mama Sikudhani,
hajaambiwa yameazimwa kwa kazi gani.
Nimeyaandika kwa kalamu isiyofutika:
Wazi, manne, udongo wa mbugani pasipo mti;
Vijana, manne, chini ya migunga ya miaka mitano, sita;
Wazee, manne, kule ndani
walikolala ng'ombe wa ranchi,
na leo mbwa akipita anarudi na miiba puani.

Bi Nkondokaya amerejea Morogoro.
Kaniachia daftari, kikombe na sharti:
usipande kitu.
Mwagilia, hesabu, andika.
Tunaiuliza ardhi inakumbuka nini.

Siku ya nne, Wazi likaanza kusema.
Majani membamba kama uzi wa cherehani,
mia moja na kumi na saba kwenye sinia moja,
nimeyahesabu kwa njiti ya kiberiti
hadi shingo ikakakamaa.
Vijana likatoa thelathini na mbili, kwa kusitasita.
Wazee: kishonanguo wawili.
Kisha kimya.

Baba yangu, Sekiza, alichunga hapa enzi za ranchi.
Alisema, "Kateni migunga. Nyasi hazifi, zimejificha."
Na mwaka wa mafuriko akakata kweli,
yeye na wenzake wanane,
ekari mbili, kwa mapanga na shoka la kuazima.
Mvua ikaja. Visiki vikachipua,
kila kimoja matawi kumi,
na katikati ya visiki, udongo mtupu
unang'aa kama kipara.

Alidhani ardhi ni kibubu,
unakivunja siku ya shida.
Lakini kibubu kisichotiwa senti miaka ishirini
ukikivunja
utaokota vigae.
Mbegu ya mgunga ina ganda la kusubiri.
Ya nyasi ni riziki ya leo:
panya anataka, mchwa anataka, ukungu unataka,
na kivulini hapana mama wa kuleta nyingine.

Siku ya thelathini na nane,
Wazee, sinia la tatu:
jani moja.
Nilimwita Baba kwa sauti ya msiba.
Akapiga magoti, akalitaja kwa Kizigua,
jina ambalo sikuwahi kulisikia
kwa sababu sikuwahi kuliona.

Usiku usingizi ukanikataa.
Nikaikumbuka kanga yangu,
asubuhi ile nilivyotoka Wazi
nikaingia Wazee bila kuikung'uta,
pindo limejaa vinyoya vya mbegu.
Alfajiri nikaandika: *Moja. Halina uhakika.*
Nikaling'oa, kwa mujibu wa sharti,
nikalitia kwenye kikombe kilichovunjika mkono.

Baba akakitazama kikombe kitambo.
"Kama limekuja na kanga, ni kosa?"
"Kwenye daftari, ndiyo."
"Na nje ya daftari?"

Sikumjibu. Nilikuwa namwagilia masinia yaliyonyamaza.

Aliingia ndani, akatoka amevaa
suruali ya sufu, nzito, ya mnadani,
jua la saa saba juu ya kichwa.
Nikamwona anakwenda Wazi,
anatembea katikati ya nyasi zilizokomaa,
polepole, anaburuza miguu,
anageuka, anarudia,
kisha anashika njia
ya kwenye visiki.