Dakika Moja, Lugazi

Wodi yetu imepakana na barabara ya Jinja,
katikati ni mtaro na ua wa michongoma.
Naweka pembe ya mbao juu ya tumbo,
sikio kwenye kisahani chake,
nautafuta moyo usiozidi kokwa.
Moja, mbili, tatu… kumi na saba,
lori la miwa linapita.
Naanza upya.

Nilidhani ni injini. Sote tulidhani ni injini.
Akurut, mhandisi aliyekuja na maikrofoni
akaifunga karibu na gurudumu
kama anayemvisha mbuzi kengele,
alinicheka: “Sista, injini inanong’ona tu.
Mpiga kelele ni tairi.
Mifereji yake inaibana hewa juu ya lami
kisha inaiachia, kofi baada ya kofi.
Na kokoto zenu zimechongoka mno:
tairi halipiti hapa, linabisha hodi.”

Walikuja usiku, Desemba, wakaichuna lami kuukuu,
wakamwaga nyingine, kokoto zake kama dengu,
imejaa vitundu vya kumeza hewa.
Mita mia tatu, toka duka la Kizza hadi kibao chetu.
Kulipokucha malori yalipita
kama watu waliovua viatu mlangoni.

Nanfuka alikuwa kitandani. Mimba ya tatu;
mbili za kwanza hatuzitaji.
Niliinama.
Mia moja arobaini na mbili,
dakika nzima, bila kukatwa.
Machozi yalinitoka, nikamwambia pembe ina vumbi.

Sasa ni masika. Matope ya mashambani
na utomvu wa miwa vimeziba vitundu.
Nasikia lami ikisahau, kidogo kidogo.
Akurut anasema ioshwe kwa maji ya kasi,
gari la kuoshea liko Kampala,
na Kampala, anasema, ina foleni yake.

Sijaomba ukimya. Miwa sharti isagwe,
na wanaoyaendesha malori
ndio waume wa hawa ninaowapima.
Naomba dakika moja.

Jana, saa tisa usiku, barabara tupu,
mimi na Okecho mlinzi tulitoka
na ndoo mbili, fagio la chelewa, sabuni ya wodi.
Tulisugua mkabala na dirisha
urefu wa kitanda kimoja.
Kisha taa zikachomoza upande wa Mukono.
Tukasogea kando, ndoo mkononi,
tukatega sikio.