Ukurasa wa Mwisho

Huku Kayenze hatukopeshi bila kuandika.
Daftari langu lina majina ya marehemu,
lina mama mmoja wa Nansio aliyebeba debe nne za dagaa
akaniapia kwa kichwa cha mwanawe,
na hadi leo sijaona mwana wala senti.
Kwa hiyo, Bwana, usishangae:
jina lako nalo nililiandika,
ukurasa wa mwisho, kwa penseli,
mwaka nilioolewa na Malimi.

Katekista alisoma habari za mzee yule wa mahemani,
aliyetolewa nje usiku akaambiwa
tazama juu, uhesabu ukiweza.
Nikatoka na mimi.
Mwezi ulikuwa umekufa,
wavuvi wametawanya taa zao ziwani,
sikujua nyota zinaishia wapi, taa zinaanzia wapi.
Nilifika mia mbili na kumi na mbili.
Kisha moja ikazimika, nikapoteza hesabu,
nikarudi kulala.

Miaka ishirini na mitatu.

Mchanga sikuambiwa niuhesabu, lakini nimeufagia,
nimeuchekecha kutoka kwenye dagaa,
nimeutafuna ndani ya ugali.
Kama kila chembe ni mtoto
basi nimewatema wengi.

Bugando daktari kijana alinichorea mirija kwenye karatasi
akaikata kwa mstari mmoja.
Wiki ileile watu wa maombi wakanitangazia mapacha
kabla ya mpunga kuvunwa.
Nilijifunika kanga usoni nikacheka,
kama yule bibi nyuma ya pazia la hema,
ila mimi hakuna aliyeniuliza, mbona umecheka?

Kuna usiku mwingine, ule wasiopenda kuuhubiri:
wanyama wamepasuliwa vipande viwili,
mzee anafukuza ndege mpaka jua linazama,
usingizi mzito, hofu,
kisha tanuri la moshi linapita katikati ya nyama
na hakuna mkono uliolishika.
Huo nauelewa. Ndiyo kazi yangu.
Napasua sangara kuanzia mgongoni,
nusu huku, nusu huku,
nafukuza korongo, nafukuza nzi,
moshi unapita katikati unanitoa machozi,
na sijawahi kuusikia ukiapa.

Jumanne kivuko cha Bezi kilishusha mvulana.
Begi la shule lisilo na zipu,
ndani kaptula, kikombe,
na kadi ya kliniki ya mama aliyekwisha kuzikwa.
Masikio ya Malimi, yaleyale.
"Nimeambiwa niulize nyumba ya mama wa sangara."
Miaka tisa, nikapiga hesabu. Kumi.
Mwaka ule Malimi alikuwa akienda Bezi kununua nyavu.
Nyavu gani hizo, zilizovua huyu.

Najua na hapo pameandikwaje:
mkate, kiriba cha maji begani mwa mama,
mtoto, jangwa.
Na bibi mwenye ahadi ndiye aliyesema, mfukuze.
Neno hilohilo lilinijaa mdomoni.
Lilikuwa na ladha ya mchanga.

Mvulana akaomba maji.
Akamaliza kikombe, akaomba kingine.
Jina? Akasema, Makoye.
Shida. Hata jina walimpa la kulipia.

Bwana, sijakufutia deni.
Penseli ipo, ukurasa upo.
Sijui kama haya ni malipo, au ni riba,
au ni mzigo wa mtu mwingine umeshushwa mlango usio wake.

Lakini jana usiku alitoka nje kukojoa,
akakawia. Nikamfuata na tochi.
Amesimama kidole kimeelekea ziwani,
midomo inatembea.
Alikuwa amefika mia mbili na thelathini.
"Usiniongeleshe," akasema, "nitasahau."

Nikazima tochi.