Mdomo wa Gamba

Tharani wa ghorofa ya tatu alibisha hodi Jumanne,
mvua ya Bergen ikimchuruzika puani,
mkononi chupa ya jamu, ndani ya chupa maji,
ndani ya maji kitu kama jino bovu.
"Anaitwa Waziri," akasema. "Shuleni wamefunga tangi.
Baba anasema amekufa. Wewe unajua meno."

Najua meno. Miaka thelathini na minane
nimewachongea watu wasiotaka ijulikane kuwa hawana.
Konokono sikuwahi kumshika.

Tukaanza na ukoo, kama polisi.
Nikavaa miwani ya kazi, nikamgeuza taratibu.
Gamba halikujikunja bapa kama kamba iliyolazwa sakafuni,
kwa hiyo si wale wa pembe ya kondoo.
Kilele kikiwa juu, mdomo ulifunguka kulia,
kwa hiyo si wale wadogo wa madimbwini, wa mkono wa kushoto.
Na alikuwa na mlango: kifuniko cha kahawia,
kigumu kama ukucha, kimefungwa.
"Mlango ukilegea na uvundo ukatoka, basi amekwenda."
Tulinusa wote wawili. Harufu ya mawe.
Yumo nyumbani, ila hapokei wageni.

Saa mbili usiku akatoa mrija wa kupumulia,
mrefu kama mkonga, akaufikisha hewani.
Konokono tufaha, basi. Wa dhahabu, zamani.

"Nani kamtafuna?"
Hapakuwa na alama za meno. Ningezitambua.
Kilele kilibabuka, kikawa cheupe, vishimo vishimo,
na tundu moja la kupitisha punje ya mtama.
Meno huanza kuoza hivyo, lakini huyu hakula sukari.
Aliliwa na maji.
Maji yetu hushuka kwenye miamba isiyotoa kitu:
matamu kwa chai, mepesi kwa sabuni,
na maskini. Yalimkopa Waziri chokaa kidogo kidogo
na hayakuwahi kurudisha.

Nilitaka kutumia plastiki yangu, ile ya waridi.
Fikiri: konokono mwenye ufizi!
Nikaiogopa sumu yake, nikairudisha kabatini.
Tharani akaleta ganda la yai. Tukalichemsha,
tukaubandua utando, nikakata kiraka
kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga.
Kilele tukakikausha kwa pamba,
mwili tukauviringishia kitambaa kibichi.
Gundi tone moja, pembeni tu, isiguse nyama.
Mkono ulitetemeka. Niliwahi kumtengenezea askofu
meno ya juu na ya chini; haukutetemeka.

Baada ya hapo ni kazi ya jikoni:
mfupa wa ngisi kutoka duka la kasuku,
vipande vya matumbawe ndani ya kichujio,
mchicha uliochemshwa ukalainika,
nusu ndoo ya maji mapya kila Jumamosi.
Dawa za samaki zenye shaba, mbali kabisa.
Na kioo juu, maana hutoroka.
Nilimkuta mara moja kwenye kiatu changu.

Wiki ya tano, mdomoni mwa gamba,
ukanda mpya, upana wa uzi, dhahabu isiyo na doa.
Tharani aliutazama hadi pumzi yake ikafukiza kioo.
"Na yale mashimo ya juu, yatajaa lini?"

Nilitafuta uongo mzuri. Sikuupata.
"Hayajai. Hana njia ya kurudi kule kutengeneza.
Hujenga hapa tu, mlangoni anapotokea."

Akanyamaza. Akapitisha ulimi
kwenye pengo la jino lake la mbele.
"Langu litaota," akasema, kama anayeomba radhi.
"Lako litaota."

Usiku naweka meno yangu kwenye glasi kando ya tangi.
Jana Waziri alipanda kioo, kofia yake ya yai utosini,
akasimama mkabala nayo,
akatoa ule ulimi wake wa msasa, akalamba, akalamba.
"Ni plastiki, Waziri," nikamwambia kwa kinywa kitupu.
"Hayana chokaa."
Aliendelea kulamba.