Kisanduku cha Asili

Fomu ilikuja kwenye bahasha ya kaki, kurasa tisa,
na kalamu mbili za bure ambazo hazikuandika.
Nikamketisha Kazija kwenye kiti chenye mguu mbovu,
mimba ya wiki thelathini na moja,
kanga moja kiunoni, moja begani,
zote mbili zinanuka makumbi.

Nikamfunga mkanda wa presha.
Nikapuliza, nikasikiliza, nikapuliza tena
kwa sababu sikuipenda namba.
Mia moja hamsini na nne kwa mia.
"Umepanda ngazi mbio?"
"Ngazi zipi, Bi Shinuna? Nyumba yetu haina hata kizingiti."

Ukurasa wa pili: Unavuta sigara?
Ndiyo. Hapana. Niliacha.
Akacheka mpaka tumbo likatikisika.
"Andika sivuti. Navutishwa."
Hakukuwa na kisanduku cha kuvutishwa.

Basi akanihesabia, nikaandika pembeni:
alfajiri, mafiga matatu na makumbi mabichi ya masika,
vitumbua mia na ishirini kabla watoto wa chuoni hawajapita;
saa nne, jenereta la kiwanda cha barafu, nyuma ya choo;
alasiri jaa linatiwa moto, chupa, nepi, matairi, kuku waliokufa,
na kusi inauchukua moshi ule, inaukunja kama mkeka,
inakuja kuutandika Ng'ambo.
Ng'ambo hasa. Kule penye mahoteli
mapazia meupe hukaa meupe
Ramadhani hadi Ramadhani.

Wahenga walisema panapofuka moshi hapakosi moto.
Hawakusema moto wa nani,
wala nani atalala nao kifuani.

Ukurasa wa tano: Asili.
Visanduku sita, na cha saba kimeandikwa Nyingine.
Bibi yake mzaa mama Mtumbatu.
Mzaa baba, Mngazija aliyeshona kofia.
Babu mmoja aliletwa kutoka bara, na nani, kwa bei gani,
mtaani kwetu hatuulizani.
Mtafiti, kijana mpole, suruali imenyooka kwa pasi,
alishanieleza: watu wa asili fulani mioyo yao huchoka mapema,
takwimu ndizo zinazosema.
Sikumbishia. Mwaka jana tumezika wawili, hawajafika hamsini,
mmoja tumepakana ukuta.
Ila takwimu haijawahi kulala kwetu usiku jaa linapowaka.

"Asili yangu?" Kazija akajipapasa kifundo kilichovimba.
"Andika: kule upepo unakokwenda."

Nikaandika. Kwa wino, kwenye Nyingine.

Kisha nikamlaza, nikaweka pembe ya mti juu ya tumbo,
sikio langu upande wa pili.
Moyo wa mtoto huenda mbio, ni kawaida yake;
huwaambia wanafunzi, ni kama mtu anayepepeta mchele
na mgeni yuko mlangoni.
Huu nao ulipepeta. Ulipepeta, ukasita,
ukaanza tena.
Nani kautia wasiwasi, mwenyewe hajaijua hata harufu ya udi?
Mimi mama alinifukiza siku ya arubaini, nguo na nywele,
akisema moshi mwingine ni dua.
Alinizaa hatua mia kutoka jaa lilelile.
Jioni, wagonjwa walipokwisha, nilijifunga mkanda mwenyewe.
Namba sitaiandika hapa.

Kazija alijifungua kabla ya siku zake. Msichana,
kilo moja na gramu mia tisa,
analia kama paka aliyebanwa na mlango.
Wamemwita Nasima. Maalimu wa chuoni aliwaambia
maana yake ni upepo mwanana.
Sikusema kitu.

Siku ya arubaini alimleta kupimwa,
na vitumbua sita chini ya kawa.
Vilikuwa vya moto bado. Vilinukia moshi.
Vinne nilikula nimesimama,
viwili nikamwekea yule kijana wa fomu.