Mizani ya Sonara

Valvu tatu nilizifunga katika kipande cha fulana,
nikavuka Barabara ya Nane na grisi yangu viganjani
hadi kwa Jivan, mpima pete na hereni.
"Dhahabu?" akauliza, hajainua miwani.
"Pumzi," nikasema. "Nipimie pumzi ya Kiluwasha."

Ya kwanza ilikuja na injini toka kiwandani,
chuma chenye kromu kidogo, uso umeota masizi:
gramu themanini na nane.
Ya pili chuma cha pua, kipande kimoja kisicho na kiungo,
shingo imechongwa hewa ipite bila kujikwaa:
sabini na tisa.
Ya tatu titani. Jivan aliiweka,
akaigusa sahani kwa kidole, akidhani mizani imekwama.
Hamsini na moja.
"Miaka yote nauza uzito," akasema,
"leo naona mtu anauziwa wepesi."

Nikamweleza, maana duka lilikuwa tupu:
valvu ya ekzosi ndiyo inayokaa jahanamu,
hiyo mpe nikeli, mpe chochote kisichoyeyuka.
Hii ya kuingizia ina bahati ya kitindamimba,
kila ikifunguka inaogeshwa hewa baridi na petroli.
Moto si adui yake. Adui yake ni haraka.
Injini ikifika mizunguko elfu nane
inafunguka na kujifunga mara sitini na sita kwa sekunde,
na kila mara springi inaivuta
kama mwenye nyumba anayedai kodi.
Ikiwa nzito, springi inachelewa,
valvu inaelea, pistoni inapanda,
wanakutana wasiopaswa kukutana.

"Basi chukua nyepesi."

Ndivyo asemavyo Kiluwasha.
Hulitamka neno titani
kama mtu anayetaja jina la mchumba mbele ya rafiki zake.
Lakini mimi naijua njia ya mashindano:
ukishaipita Pongwe unaingia kwenye mkonge,
na vumbi la huko ni laini kama poda ya mtoto,
hakuna chujio lisilolipitisha.
Titani ina ngozi ya kupakwa. Ikichubuka, inalika.
Inataka kiti cha shaba, inataka kufunguliwa mara kwa mara,
inataka gari lisilo na kazi nyingine,
na gari hili Jumatatu hupeleka magodoro Muheza.
Rahisi huvunja upishi, walisema wa kale.
Ghali huvunja nini, hawakutuambia.

Jivan alikuwa akiifuta sahani.
"Kiluwasha wa Makorora?
Mama yake alileta bangili mbili wiki iliyopita.
Thelathini na saba, pamoja na kishikizo.
Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika."
"Bado zipo?"
Akaelekeza kidevu kwenye kikombe cha kuyeyushia.
"Ni pete sasa. Za harusi ya watu wengine."

Titani zote nane nimezirudisha bokisini,
hazijaonja mafuta. Muuzaji atazipokea,
atakata chake, hilo tumeshabishana kwa simu.
Kitakachobaki nitampelekea mama, mkononi mwake, si kwa mwanawe.
Bangili hazirudi. Najua.

Usiku nikafunga mlango wa gereji,
nikapaka dawa ya kusagia kwenye ukingo wa chuma cha pua,
nikakishika kijiti baina ya viganja, nikapekecha
kama wapekechao moto, ila mimi sikutaka kuwasha,
nilitaka kufunga.
Dawa ikakwaruza, kisha ikanong'ona, kisha kimya.
Nikafuta: mduara wa kijivu,
upana wa nyuzi mbili za mkonge, haujakatika popote.

Asubuhi Kiluwasha akanikuta nimemimina petroli juu ya valvu,
naingoja.
"Umeweka ipi?"
Nikamwambia ainame, apapase kwa chini.
Akapapasa. Akanusa vidole.
Pakavu.

"Mama hajambo?" nikamuuliza.