Upande wa Pili wa Kitabu

Mwaka ule, huku kwetu nje ya Muheza,
darasa la pili lilikuwa na watoto sabini na mmoja
na vitabu kumi.
Kimoja hakikuwa na jalada. Kingine panya walianzia mwisho,
hivyo mpaka leo hatujui
kenge alivuka mto au alirudi kwao.

Kitabu nilikilaza sakafuni, watoto saba wakakizunguka
kama sinia la ubwabwa wa maulidi:
wenye mabega wakala mistari,
wadogo wakaambulia pembe.

Semeni Mbelwa alikaa upande wa pili,
kule ambako vichwa vya herufi huwa miguu.
Kila siku, kule kule.
Jina lake amri, naye hakusema.
Sikumwona. Sijitetei:
mwalimu huona mikono iliyoinuliwa,
na wake ulikuwa mapajani.

Ubao wetu ulikuwa umepauka, chaki haishiki.
Nikamwita aandike *baba*,
akaniletea q mbili,
herufi ambayo Kiswahili hakina kazi nayo.
Darasa likacheka. Nami nilicheka, kidogo.
Kwenye ripoti nikaandika kwa wino mwekundu:
*Mzito. Arudie.*

Mwezi wa saba Shafii wa bodaboda akaja na boksi
amelifunga kwa kamba ya mkonge juu ya tenga la machungwa.
Vitabu themanini, kutoka kwa watu wa Tanga mjini,
vinanukia maganda.
Mwalimu Mkuu akasema vitachafuka,
akaenda kutafuta kufuli.
Alhamdulillahi, kabati letu halikuwa na mlango.

Kila mtoto kimoja. Jamani, kila mtoto kimoja!
Walivishika kama vifaranga,
wengine hawakuthubutu kufungua.
Semeni akafungua chake
na kukipindua, miguu juu.

Nikakigeuza. Akakipindua.
Nikakigeuza tena, taratibu, kwa uso wa kuonya.
Akanitazama, akakipindua,
akaweka kidole mwisho wa mstari, yaani mwanzo wake yeye,
akaanza:
"Siku ya gulio Mzee Kobe alichelewa kwa sababu ya viatu."
Hakukwama. Kurasa tatu hakukwama,
hata kwenye *ng'* ambapo wenzake wote hujikwaa.
Mimi nimeinama, shingo upande kama kuku anayesikiliza mwewe,
namfuata.

Walipotoka kwenda kunywa uji
nilikaa sakafuni, pale pake.
Nikakilaza kitabu kama nilivyokuwa nikikilaza.
Miaka kumi na minne nafundisha kusoma.
Nilihangaika na mstari mmoja
mpaka kengele ikalia.

Sasa anasoma kote kote, wima na kichwa chini.
Vitabu tunawaazima waende navyo nyumbani,
vinarudi na alama za mafuta ya taa, na kimoja kilirudi na dagaa.
Jioni moja nilipita kwao kuulizia kimoja kilichochelewa.
Mama yake huanika singa za mkonge kule shambani,
shule aliisikia kwa wenzake tu.
Wamekaa mkekani, wanatazamana,
kitabu kati yao
kimemwelekea mama, herufi zote zimemsimamia wima.
Semeni anasoma kutoka upande wa pili,
na kidole cha mama, chenye makovu ya miiba,
kinakwenda chini ya maneno, kinangoja, kinakwenda.

Sikubisha hodi.